Stara ya nyasi: Tazama mizizi kabla ya urefu

NYUMBA nyingi za Dar es Salaam ambazo zamani zilisimama peke yake katikati ya bustani, leo zimezungukwa na maghorofa. Ukuta wa matofali wenye urefu wa mita 2, uliotosha kumsitiri mwenye nyumba na wapita njia, haumfai kitu mbele ya jirani aliye ghorofa ya tatu. Naye jirani huyo, akitoka kwenye roshani yake kuanika nguo, hujikuta ana kwa ana na roshani ya jengo la pili.

Wengi hukimbilia kuongeza ukuta, kupigilia mabati au kutundika turubai. Vitu hivyo husitiri, lakini huzuia upepo pia, na katika miji yenye joto na unyevu kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hasara hiyo si ndogo. Watu wa pwani walilijua jambo hilo tangu kale: ua wa nyuma ya nyumba ulizungushiwa makuti au mabua, ambayo hukata macho ya watu bila kukata hewa. Nyasi ndefu za mapambo hufanya kazi ileile zikiwa hai. Tena nyingi husimama kwa kimo chake ndani ya msimu mmoja au miwili ya mvua, wakati ua wa miti huhitaji miaka.

Hata hivyo, anayekwenda kwa wauza miche wa pembezoni mwa barabara huuliza kwanza itarefuka kiasi gani. Swali hilo ni la pili. La kwanza ni namna mmea unavyotembea chini ya udongo, kwani ndilo litakaloamua kama baada ya miaka mitano utakuwa na stara au ugomvi na jirani.

Ziko nyasi zinazokaa shina moja, zikinenepa polepole mahali zilipopandwa, na ziko zinazotambaa. Kila aliyewahi kung'oa ukoka shambani anaijua tabia hii ya pili: ukikata huku, unachomoza kule. Mchaichai ni wa kundi la kwanza. Hufikia mita 1 hadi 1.5, hautoi maua ila mara chache sana, huzalishwa kwa kugawa mashina, na majani yake huingia kwenye birika la chai. Kwa uwanja mdogo sijaona mmea ulio na faida nyingi kuuzidi.

Ndugu yake katika kazi hii ni vetiva, nyasi yenye asili ya India, ambayo wakulima huipanda kwenye miteremko kuzuia mmomonyoko wa udongo. Husimama wima hadi mita 1.5 au 2, na mizizi yake hushuka chini moja kwa moja, wakati mwingine zaidi ya mita 3, badala ya kusambaa pembeni. Aina zinazopandwa kwa kazi hiyo hazitoi mbegu zinazoota, hivyo hazivamii shamba la mtu. Zipande umbali wa sentimita 15 hadi 20 kati ya shina na shina, nazo zitafungamana kuwa ukuta. Kwa sababu ya kina cha mizizi, usizipande juu ya bomba la maji taka.

Mabingobingo, chakula cha ng'ombe wa maziwa, hupita mita 3 kwa haraka ya kushangaza. Anayefuga ndani ya ua atapata stara na malisho kwa pamoja. Asiyefuga atachoka kufyeka, kwa kuwa yakiachwa huanguka njiani, na majani yake yana vinyweleo vinavyowasha ngozi.

Mwanzi nao ni nyasi, ingawa wengi huuhesabu kuwa mti. Ule wa njano wenye michirizi ya kijani, unaoonekana katika bustani nyingi za mijini, hukaa shina moja, lakini shina hilo hupanuka mwaka hadi mwaka na miti yake hupita mita 10, kimo kisichofaa kiwanja cha kawaida. Aina nyingi zinazoletwa kutoka China na Japani hutambaa, na machipukizi yake huweza kuchomoza ndani ya uwanja wa jirani. Anayezitaka lazima azike kizuizi cha zege au plastiki nene, kina kisichopungua sentimita 60, kuzunguka eneo lote.

Iko pia nyasi ya mapambo yenye masuke laini kama mkia, kitaalamu Pennisetum setaceum, ambayo asili yake ni Afrika Kaskazini na Mashariki. Ilipopelekwa Hawaii kama pambo mwanzoni mwa karne ya 20, mbegu zake zilienea kwa upepo, na ikikauka huchochea moto wa nyikani. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliiingiza katika orodha ya mimea vamizi. Kwetu hapa ipo nyumbani kwake, ila haizidi sana mita 1, basi ni pambo kuliko stara.

Baada ya mizizi ndipo urefu, na hapa hesabu ndogo huokoa fedha. Chukua mfano wa jirani aliye dirishani, macho yake yakiwa mita 5 juu ya ardhi na mita 8 nyuma ya ukuta wako. Wewe umeketi mita 6 ndani ya ukuta, kichwa chako kikiwa mita 1.2 kutoka ardhini. Ili asikuone, kizuizi kilicho ukutani kinapaswa kufikia karibu mita 3. Kizuizi hicho kikisogezwa hadi mita 1.5 kutoka kitini pako, kimo cha mita 1.6 na kidogo kinatosha, na vetiva inakifikia bila taabu. Kwa maneno mengine, usisitiri kiwanja chote, sitiri kiti.

Roshani ina masharti yake, na la kwanza ni uzito. Chungu cha lita 40 kilichojaa udongo wa kawaida uliolowa huweza kufika kilo 60 au 70, na vyungu vitano hivyo hupita kilo 300. Roshani nyingi hutokeza nje zikiwa zimeshikwa upande mmoja, hivyo mzigo ulio ukingoni huelemea zaidi. Changanya mboji na vumbi la makumbi ya nazi badala ya udongo mtupu, weka vyungu vizito karibu na ukuta wa nyumba na vyepesi mbele, na mpangaji amwulize mwenye jengo kabla ya kununua. Kimo hakina shida: chungu cha sentimita 40 na mchaichai wa mita 1 vinamficha aliyeketi.

Upepo wa kusi kwenye ghorofa za juu hupindua chungu chenye majani mengi. Kifunge kwenye nguzo za roshani kwa waya, upande wa ndani. Kukiweka juu ya ukingo ni kuhatarisha maisha ya anayepita chini.

Halafu kuna mbu. Wapo wanaoamini kwamba mchaichai ukiwa chunguni huwafukuza. Harufu inayowasumbua mbu imo ndani ya mafuta, na jani lililosimama tu haliitoi kwa kiasi cha kutosha. Kinyume chake, kisahani chenye maji chini ya chungu ni mazalia ya mbu wanaoeneza dengue, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mwaga maji hayo kila baada ya siku chache, au jaza mchanga kisahanini. Tahadhari hiyo inahusu pia mafunjo, ambayo si nyasi hasa lakini huuzwa pamoja nazo na hupenda kukaa majini.

Mvua zinapokaribia, kata nyasi hadi sentimita 20 au 30 kutoka chini ili zichipue upya, na uondoe majani makavu mara kwa mara, hasa ikiwa jiko la mkaa hutumika karibu. Vaa glavu, kwani kingo za mchaichai na vetiva hukata ngozi. Kila baada ya miaka miwili au mitatu shina la katikati huzeeka na kukauka. Lichimbue, ligawe kwa panga, upande vipande vya pembeni vyenye mizizi.