Diski Mpya Ikikataliwa na Sanduku la Hifadhi

Wabajuni wengi waliohama visiwa vya Kudha, Koyama, Chovai na Chula, kusini mwa Somalia, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991 waliishia Lamu, Malindi na Mombasa, na baadhi wakafika hadi Uingereza. Kibajuni cha visiwani kimeandikwa kidogo sana. Kinachokibeba ni sauti: kanda za harusi, masimulizi ya wazee, na vave, zile nyimbo za wakulima za usiku wa kuamkia kuchoma pori la kulima. Familia iliyobahatika imeshazihamishia kanda hizo kwenye sanduku la hifadhi, kile kifaa kinachokaa kando ya ruta kikiwa na diski mbili ndani, kila moja nakala ya mwenzake.

Siku moja taa ya diski mojawapo inawaka nyekundu. Unanunua mpya, unaichomeka, sanduku linaikataa. Hapo watu wengi huhangaika na hiyo mpya na kuisahau ile iliyobaki, ambayo ndiyo imebeba kila kitu peke yake. Mara nyingi ilinunuliwa siku moja na iliyokufa, imezunguka saa zilezile, katika joto lilelile na hewa ileile ya chumvi. Na kujenga upya nakala maana yake ni kuisoma hiyo diski iliyochoka tangu mwanzo hadi mwisho, bila kupumzika. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu kingine, chomeka diski ya USB unakili, ukianza na vile visivyopatikana kwingine kokote.

Sasa turudi kwenye diski mpya. Iguse: inatetema? Ikizunguka vizuri kwenye kasha la USB lakini sandukuni ikawa kimya, tazama mguu wa 3 kati ya miguu 15 ya umeme. Katika diski nyingi za miaka ya karibuni, hasa zilizotolewa kwenye makasha ya USB, mguu huo ni wa kuizima diski kwa mbali, na kifaa cha zamani kinachopeleka volti 3.3 hapo kinaizuia isiamke. Mafundi huufunika mguu huo kwa kipande chembamba cha utepe wa kuhami umeme, na diski inawaka.

Ikiwa inazunguka lakini haionekani, au inaonekana pungufu, shuku umri wa sanduku. Baadhi ya masanduku ya zamani hayavuki terabaiti 2.2, na mengine hayaelewi diski zenye sekta za baiti 4,096 badala ya 512. Ikionekana lakini ikakataliwa, huenda ni ndogo kuliko ile ya awali, hata kwa megabaiti chache tu. Au ni ya mtumba, imetoka kwenye mashine ya kamera za ulinzi ikiwa na mgawanyo wake wa zamani. Ifute yote kwenye kompyuta kwanza. Soma pia saa ilizofanya kazi katika taarifa za SMART, zile diski inazojiwekea kuhusu afya yake: saa 40,000 ni zaidi ya miaka 4 na nusu ya kuzunguka mfululizo, na diski hiyo mimi siiweki.

Kisa kinachosumbua zaidi ni diski inayokubaliwa kisha inatupwa nje katikati ya kazi. Kuna diski ambazo njia zake za kuandikia zimelaliana kama makuti ya paa: ukitaka kubadilisha kuti moja la chini, sharti uyainue ya juu yake. Kwa kuhifadhi picha polepole zinafaa. Kwenye ujenzi wa nakala zinaweza kuchelewa mno, hata sanduku likadhani zimekufa. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya masanduku haya haya, zilikuwa za aina hiyo bila wanunuzi kuambiwa. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Usiilaumu diski kabla ya kutazama namba 199 ya SMART, ile ya makosa ya mawasiliano. Ikiwa inapanda huku namba 5 na 197, za sekta mbovu, zimebaki sifuri, kosa huenda liko kwenye kebo au sehemu ya kuchomekea, na pwani yetu kutu ya chumvi hupenda kukaa hapo. Zima, chomoa, safisha, rudishia. Zikipanda 5 na 197, sekta zinakufa kweli, irudishe dukani.

Umeme nao. Hata ikiandika megabaiti 150 kwa sekunde bila kusita, diski ya terabaiti 4 inahitaji saa 7 na zaidi kujengwa upya. Mahali penye umeme wa jenereta, Kisimayu au kisiwani, usianze bila UPS (betri ya akiba) na mafuta ya kutosha.

Na sanduku likikuuliza, chagua kurekebisha hifadhi iliyopo. Ukichagua kuunda mpya, unaweza kuifuta ile diski pekee iliyobaki na sauti za wazee.

Diski pacha haizuii mtoto kufuta faili kwa bahati mbaya: likifutwa huku, linafutwa na kule. Nakala ya tatu iwe kwenye diski ya USB, kwa jamaa anayekaa mji mwingine. Inunue mwezi huu, kabla taa haijawaka.