KABLA YA KUFUNGA GURUDUMU, CHAGUENI HABU



Vikundi vingi tunavyotembelea vina baiskeli moja ya kikundi. Asubuhi inapeleka maziwa, mchana inabeba maji, jioni inakodishwa kwa mtu mwenye gunia la mahindi. Pikipiki zimekuja, ni kweli, lakini baiskeli haidai petroli kila asubuhi. Hata mama asiye na shilingi mfukoni anaweza kuisukuma hadi kinu cha kusaga unga na kurudi. Basi baiskeli ikisimama, mradi nao umesimama.

Mara nyingi kinachoisimamisha ni gurudumu la nyuma. Kwa hivyo leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho wengi hatukitazami: habu ya nyuma.

KOSA LILILOTUFUNZA

Kikundi kimoja cha akina mama na vijana kilikuwa na baiskeli ya chuma, ile tunayoiita Black Mamba. Rimu ya nyuma iligonga jiwe ikapinda vibaya, na habu nayo ilikuwa imechoka. Wanachama wakaamua kununua vifaa vyote, wampe fundi wa sokoni afunge gurudumu jipya kwa mkono. Wakachagua rimu nzuri. Wakanunua spoki mpya 40. Walipofika kwenye habu, pesa ilikuwa imebaki kidogo, basi wakachukua ile ya bei ya chini kabisa. Mtu mmoja akasema, "Hiyo haionekani, iko katikati tu."

Sisi tulikuwapo siku hiyo. Tulikagua risiti tukasema pesa imetumika vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeishika hiyo habu mkononi na kuitazama.

Haikumaliza miezi mitatu. Sahani za habu zilianza kucheza, spoki zikalegea, zikaanza kukatika mbili mbili. Ili kubadilisha habu ilibidi gurudumu lote lifumuliwe. Spoki nyingi zilikuwa zimepinda, hazikufaa tena. Fundi alilipwa mara ya pili. Pesa hizo zilitoka kwenye sanduku la mzunguko, na mwezi ule ilikuwa zamu ya mama mjane aliyengoja karo ya mtoto wake. Mama alinyamaza, lakini mkutano uliofuata haukuwa na furaha.

Tangu hapo tunasema hivi: rimu ikiharibika, fundi anaweza kuinyoosha. Spoki ikikatika, utanunua moja. Lakini habu ikiharibika, umenunua gurudumu lote upya. Kwa hivyo habu isiwe kitu cha mwisho kununuliwa kwa pesa iliyobaki. Iwe ya kwanza.

HABU NI NINI?

Habu ni kile kitovu cha gurudumu. Ina bomba la katikati, na sahani mbili za pembeni zenye matundu ya kushikia spoki. Ndani yake imepita ekseli, ambayo hufungwa kwa nati kwenye uma wa fremu. Kati ya ekseli na bomba kuna golori, yaani vile vyuma vidogo vya mviringo vinavyofanya gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Golori hubanwa na koni mbili, moja kila upande. Upande wa kulia wa habu ya nyuma kuna uzi wa kufungia friwili, ile gia inayolia tiki-tiki ukiacha kukanyaga.

Habu ya mbele inabeba kidogo na kuzunguka tu. Ya nyuma ina kazi mbili. Inabeba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji na karibu mzigo wote wa keria. Pia inavutwa na mnyororo kila unapokanyaga, na nguvu hiyo yote hupitia kwenye habu ndipo ifike kwenye spoki na rimu. Jerikeni nne za lita 20 ni kilo 80 za maji, na mwendeshaji hujaongeza. Ndiyo sababu habu dhaifu hujulikana upesi ikiwa nyuma.

MAMBO SITA YA KUANGALIA DUKANI

Katika Injili ya Luka 14:28, Bwana wetu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye anapaswa kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Nasi tuketi tuhesabu. Nendeni dukani na fundi wenu, na mchukue vitu vinne: rimu, spoki moja ya zamani, friwili, na kipimo cha milimita.

1. Idadi ya matundu. Matundu ya habu lazima yawe sawa na ya rimu. Mtindo wa matundu 32 mbele na 40 nyuma ulitoka Uingereza, na viwanda vya India vikaufuata, na ndio tunaoukuta kwenye baiskeli za mamba. Baiskeli nyingi za gia zina matundu 36 au 32. Habu ya 36 haiwezi kukaa vizuri kwenye rimu ya 40, hata fundi akiwa hodari namna gani. Kwa mzigo mzito, spoki 40 ni msaada, kwa sababu kila spoki inabeba sehemu ndogo zaidi. Hesabuni matundu wenyewe, msitegemee neno la mwenye duka.

2. Upana. Pimeni nafasi ndani ya uma wa nyuma, mahali ekseli inapoingia. Halafu pimeni habu kutoka nati ya ndani ya upande mmoja hadi nati ya ndani ya upande wa pili. Vipimo hivi viwili vikaribiane sana. Baiskeli isiyo na gia mara nyingi huwa na nafasi ya milimita 110 hadi 120. Nyingi za gia za milimani huwa na 130 au 135. Ikipungua milimita mbili tatu, washa zitajaza. Lakini msikubali fundi apanue uma kwa nguvu ili aingize habu kubwa. Fremu ikishapinda, mnyororo hautakaa sawa tena.

3. Ekseli na mahali golori zinapokaa. Hili ni jambo kubwa, na wengi hawalijui. Mtoto akikalia tawi la mwembe karibu na shina, tawi halivunjiki. Akisogea mbali, linavunjika. Kwenye gurudumu, uma ndio shina, na golori ndizo mtoto. Kwenye habu ya gia moja, golori ziko karibu na uma, basi ekseli haipindi upesi. Kwenye habu ya kufungia friwili ya gia tano, sita au saba, friwili huchukua nafasi kubwa upande wa kulia, na golori zinasukumwa ndani, mbali na uma. Ndiyo maana ekseli za habu hizo hupinda na kukatika zikibebeshwa magunia. Tena fundi hulazimika kuvuta rimu upande wa kulia ili ikae katikati ya fremu, na spoki za kushoto hubaki na mkazo mdogo.

Kwa hiyo, ikiwa baiskeli ni ya mzigo na njia si ya milima mikali, habu ya gia moja ndiyo rafiki. Ikiwa lazima muwe na gia, tafuteni ile ambayo friwili imejengwa pamoja na habu yenyewe, kwani golori zake za kulia husogea karibu na uma. Lakini ulizeni kwanza kama vipuri vyake vinapatikana sokoni kwenu.

Angalieni pia unene wa ekseli. Ya nyuma iwe ya inchi 3/8, yaani karibu milimita 9.5, au ya milimita 10. Hizi mbili zinafanana kwa macho lakini uzi wake si mmoja. Tumieni nati zilizokuja na ekseli hiyo. Nati ngeni ikilazimishwa itakula uzi.

4. Uzi wa friwili. Chukueni friwili yenu na muifunge kwenye habu kwa vidole, pale pale dukani. Iingie polepole bila kulazimishwa, mizunguko kadhaa. Ikikwama au ikikaa upande, rudisheni hiyo habu. Kumbukeni kwamba kila ukikanyaga, friwili inajikaza zaidi. Uzi mbovu utasagika, na siku moja utakanyaga pedeli bure huku gurudumu limesimama.

5. Sahani na bomba. Habu nyingi za bei ya chini hazikutengenezwa kipande kimoja. Sahani hubanwa tu juu ya bomba. Zikibanwa vizuri hazina taabu, lakini zikibanwa vibaya hulegea, na hilo ndilo lililowapata wenzetu. Shikeni sahani mbili kwa mikono miwili mkazungushe kinyume, kama mtu anayekamua nguo. Mkisikia mchezo hata kidogo, wekeni chini. Jaribio hili litakamata iliyo mbovu sana tu, kwa hivyo mwulizeni fundi: "Ni habu gani umefumua mara nyingi mwaka huu?" Yeye anazijua.

Chuma au alumini? Chuma ni kizito na hushika kutu, lakini huvumilia. Alumini nzuri ni nyepesi na haishiki kutu, ila alumini mbovu hupasuka kwenye matundu ya spoki. Tazameni matundu kwa jua. Yasiwe na ufa wala kingo zenye makali, kwani kingo kali hukata spoki. Tena, spoki yenu ya zamani iingie kwenye tundu bila kucheza ovyo. Spoki nene za geji 12 zina milimita 2.6 na haziingii kwenye tundu lililotobolewa kwa geji 14, ambayo ni milimita 2.0. Kama sahani za habu mpya ni kubwa kuliko za zamani, spoki za zamani zitakuwa ndefu mno na zitatoboa tyubu. Fundi apime kabla ya kununua spoki.

6. Golori. Zungusheni ekseli kwa vidole. Iteleze sawasawa, bila kukwaruza kama mchanga na bila kucheza huku na huku. Habu ya kawaida ya nyuma ina golori 9 kila upande, za inchi 1/4. Zikichakaa, zinanunuliwa kidogo kidogo, na koni pia hubadilishwa. Kuna habu zenye beringi zilizofungwa kabisa. Ni nzuri kwa vumbi na maji, lakini zikifa zinahitaji beringi ya saizi ile ile na vifaa vya kuitoa. Mahali duka liko mbali, golori za kawaida zinafaa zaidi.

JE, HABU YENYE BREKI?

Baadhi ya baiskeli za mzigo, kama zile za Buffalo, zina breki ndani ya habu ya nyuma. Unarudisha pedeli nyuma na gurudumu linasimama. Uzuri wake ni kwamba matope na mvua haviisumbui. Lakini mnyororo ukikatika, breki hiyo haipo tena, kwa hiyo iwepo na breki ya mbele. Mteremko mrefu huipasha moto sana. Ule mkono wake wa chuma lazima ufungwe imara kwenye fremu, la sivyo ekseli itazunguka. Nyingi zina matundu 36, basi hesabuni tena rimu yenu.

BAADA YA KUFUNGA

Gurudumu jipya lirudi kwa fundi baada ya wiki moja au mbili za kazi akaze spoki, kwa maana hujitulia na kulegea. Habu ifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka, isafishwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe na kutiwa grisi mpya. Ikizama kwenye mto au mafuriko, msingoje mwaka. Habu nyingine za chuma zina tundu dogo la mafuta katikati, lenye kifuniko cha springi. Tieni matone machache, na kifuniko kisipotee. Koni zikilegea, kazeni siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wale wenzetu wa mwanzo walinunua habu ya pili kwa utaratibu huu. Fundi alikuwepo, mweka hazina alikuwepo, na yule mama mjane ndiye aliyehesabu matundu. Wakaandika kwenye daftari siku habu ilipofungwa na siku ilipotiwa grisi. Zamu yake ya mzunguko alirudishiwa kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote kupokea.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Baiskeli yetu hubeba kilo ngapi kwa siku ya kawaida? Je, habu yake ilichaguliwa kwa mzigo huo?

2. Mara ya mwisho tuliponunua kifaa cha bei ya chini, jumla tulilipa kiasi gani tukihesabu na fundi?

3. Nani katika kikundi ana jukumu la kukagua gurudumu kila wiki? Kama hakuna, tumchague leo.

4. Kifaa cha kikundi kikiharibika, ni nani anayeumia kwanza? Tutamlinda namna gani?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.