BARIDI YA KABALE, JOTO LA PAKWACH

Barua ya uhamisho ifikapo kambini, mama wa nyumbani huuliza kwanza habari za shule ya watoto, maji, na bei ya chakula huko waendako. Kisha huuliza hali ya hewa, na jibu apatalo humtegemea sana yule amjibuye. Koplo aliyezaliwa Kabale atamwambia kwamba Pakwach ni tanuri. Sajini aliyekulia ukingoni mwa Nile atamwambia kwamba Pakwach ni mahali pema kabisa, na kwamba Kabale ndiko kusikokalika, maana maji ya kunawa alfajiri huuma vidole. Wote wawili husema kweli, wala hakuna amdanganyaye mwenzake.

Tofauti ya miji hiyo miwili si ya kubuni. Kabale uko kiasi cha meta 1,870 juu ya usawa wa bahari. Pakwach, penye daraja la Nile ya Albert, uko kiasi cha meta 620 tu. Kwa kawaida, mtu apandapo meta 1,000 joto la hewa hupungua nyuzi 6 na nusu hivi za Sentigredi. Kwa hiyo kimo peke yake huitenga miji hiyo kwa nyuzi 8. Usiku wa Kabale hushuka hadi karibu nyuzi 10, na blanketi mbili huko si anasa. Pakwach, katika kiangazi cha Januari na Februari, mchana hupita nyuzi 33 mara kwa mara, na mtu hulala kwa shuka moja, nayo huisukuma kando kabla ya usiku wa manane.

Hata hivyo nyuzi zitangazwazo redioni hazielezi mambo yote. Hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye nafasi za kupitisha upepo. Askari asimamaye njia panda saa nane ya mchana hayumo katika kisanduku hicho. Jua humpiga utosini, lami humrudishia joto kutoka chini, na kofia yake hufunga joto kichwani. Hatua kumi kando yake, chini ya mwembe, hewa ni ileile au imepungua kidogo tu, lakini mwili huona kama umeingia nchi nyingine.

Unyevu nao una neno lake. Entebbe, kando ya ziwa, nyuzi 27 huweza kumchosha mtu kuliko nyuzi 30 za Moroto, kwa sababu Moroto upepo ni mkavu na jasho hukauka mara litokapo. Kukauka kwa jasho ndiko kunakouondolea mwili joto. Jasho linalotiririka na kudondoka chini limepotea bure. Kwa hiyo mtu akisema kwamba apenda nyuzi kadhaa, yafaa aulizwe kwanza: kivulini au juani? Penye upepo au pasipo na upepo? Ukiwa umeketi, au ukiwa katika kwata?

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba hata hayo yote yakilinganishwa, watu bado hawapatani. Asubuhi ya mvua mjini Kampala, joto likishuka hadi nyuzi 17 au 18, mwenyeji huvaa sweta na kumfunika mtoto kofia ya sufu. Mwendesha bodaboda huvaa koti zito kama la kupanda mlima (naye ana haki, kwani upepo wa mwendo humpokonya joto kifuani). Saa ileile, mgeni aliyewasili kutoka Norwe hupita barabarani kwa kaptura na shati la mikono mifupi, akiusifu ubaridi huo kama kiangazi cha kwao. Mwenyeji humdhani ana wazimu kidogo. Mgeni naye humwonea huruma mtoto yule chini ya kofia.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa kuwauliza watu wenyewe. Huko Ulaya walihojiwa watu wapatao 10,000 katika viwanja na mitaa ya miji ya nchi tano, miongoni mwake Ugiriki na Uingereza, na matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Ilionekana kwamba joto la nje ambalo watu huliona la wastani, si baridi wala si moto, lilitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 10 kutoka mahali hadi mahali. Yaani lile ambalo mtu wa kaskazini huliita zuri, Mgiriki huliita baridi. Watafiti waligundua pia kwamba mtu aliyekwenda uwanjani kwa hiari yake huvumilia jua au upepo kuliko yule anayelazimika kukaa pale. Askari wa zamu atalielewa jambo hilo bila kuelezwa zaidi.

Sababu moja ni mazoea ya akili. Entebbe, wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote na ule wenye baridi kuliko yote hautofautiani hata kwa nyuzi 3. Mjini Moscow tofauti ya Januari na Julai hupita nyuzi 20. Mtu wa Moscow amefunzwa na mwaka wenyewe kubadilika. Mtu wa Entebbe amekulia katika ukanda mwembamba, na akitoka humo kidogo tu hushtuka.

Sababu ya pili imo mwilini, na hii ndiyo imhusuyo askari zaidi. Mtu atokaye nyanda za baridi akifika mahali pa joto, siku za kwanza moyo humwenda mbio, jasho huchelewa kutoka, na likitoka huwa na chumvi nyingi. Akifanya kazi au mazoezi katika joto hilo kila siku kwa kiasi, mwili hujifunza. Maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na huwa jingi, na chumvi yake hupungua. Mabadiliko hayo huchukua wiki moja hadi mbili. Jambo hili lilijulikana vema katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini tangu miaka ya 1930, ambako vibarua wapya waliotoka nchi mbalimbali za Afrika walizoezwa hatua kwa hatua kabla ya kutumwa kuchimba katika vina vyenye joto na unyevu, kwa kuwa wasiozoezwa walizidiwa na joto wakafa.

Kwa hiyo askari aliyefika jana kutoka milimani asipimwe kwa mwendo wa wenyeji. Siku za kwanza afanye kazi nzito asubuhi na jioni, anywe maji kabla hajahisi kiu kali, na aongeze muda wa juani kidogo kidogo. Mavazi na mzigo navyo vihesabiwe. Pwani ya Mogadishu, ambako askari wa Uganda walianza kwenda Machi 2007, hewa haina joto kuliko ya Pakwach. Lakini unyevu wa bahari, pamoja na fulana ya kuzuia risasi isiyopitisha upepo, hulizuia jasho kukauka. Mwenzako akianza kupepesuka, kusema maneno yasiyoeleweka au kuanguka katika joto, usimdhanie uvivu wala ulevi. Apelekwe kivulini, avuliwe viatu na magwanda, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa papo hapo, huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa. Akiwa hana fahamu asinyweshwe kitu.

Nyumbani nako kuna mashauri yake. Jamaa nyingi za polisi zimeishi katika vile vibanda vya mviringo vya bati viitwavyo unipoti, na kila aliyekaa humo ajua kwamba hupata joto upesi kuliko hewa ya nje na hupoa upesi vilevile. Mume arudiye kutoka doria, mwili ungali moto, hutaka mlango wazi. Mke aliyeketi akinyonyesha huona ubaridi na kutaka ufungwe. Watu wengi huufanya huo ugomvi wa tabia, kumbe ni hesabu ya miili miwili: mwili wa mtu anayetembea kwa haraka huzalisha joto mara tatu au zaidi ya mwili uliotulia. Mume akikaa nusu saa, maoni yake kuhusu mlango hubadilika mwenyewe.

Mahali pa joto, nyumba ya bati husaidika kwa dari ya mikeka iliyoachiwa nafasi chini ya bati, na kwa mwarobaini au mwembe uliopandwa upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga. Wengi huidharau nyumba ya nyasi ya Acholi na West Nile wakiiona ya kizamani. Lakini ukuta wake mnene wa udongo na paa lake la nyasi huyashinda mabati kwa mbali saa nane ya mchana, na anayebisha na aingie katika zote mbili siku moja.

Walio hatarini kuliko wote ni watoto wachanga, kwa sababu wao hufuata mapenzi ya watu wazima. Mama aliyezoea Kabale humvika mtoto sweta na soksi hata Pakwach, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa mwenyewe. Mtoto hutoka harara shingoni na makwapani, na kulia usiku kucha. Aguse kifua au mgongo wa mtoto, si mikono wala miguu. Kifua kikiwa na jasho, apunguze nguo. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji kupewa maji hata katika joto kali: maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya sehemu nane katika kumi, na anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Hapa pana kosa jingine, kubwa kuliko harara. Kabale malaria ni haba kwa sababu ya ubaridi. West Nile na nchi zote za kaskazini malaria ni nyingi mno, na mtoto atokaye milimani hana kinga ya kupambana nayo. Mtoto akichemka mwili katika wiki za kwanza, jamaa husema, “Ni joto la huku, atazoea.” Joto la mahali halimfanyi mtoto aliye kivulini, mwenye nguo nyepesi, kufika nyuzi 38. Kipimajoto kikionyesha 37 na nusu au zaidi, au mtoto akikataa kunyonya, apelekwe zahanati siku ileile apimwe damu. Chandarua nacho kitundikwe usiku wa kwanza, hata kama mizigo mingine haijafunguliwa na hata kama ndani ya chandarua huonekana hakuna hewa.

Jamaa inayotoka bondeni kwenda Kabale ina adui mwingine, naye hutoka jikoni. Ubaridi wa usiku wa kwanza huwaogopesha. Wao hufunga madirisha, huziba nyufa kwa magunia, kisha huingiza sigiri yenye makaa chumbani ili walale vizuri. Mkaa ukiungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Moshi umekwisha, makaa yamekuwa mekundu na mazuri, na watu huona kwamba hatari imepita; ndipo hapo hasa sumu inapowaingia. Huanza kwa kuumwa kichwa na kulegea, kisha usingizi usio na kuamka. Sigiri iachwe nje, hata ikiwa majivu tu ndiyo yanayoonekana. Badala yake watu wavae soksi na kofia kitandani, walale wawili wawili chini ya blanketi, na wajaze maji ya moto katika chupa ngumu iliyofungwa vema na kuzungushiwa kitambaa, kwa ajili ya miguu ya mkubwa. Mtoto mchanga asiwekewe chupa hiyo. Avuliwe nguo, abakishiwe kofia na nepi, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja. Mama awe macho na mdomo wa mtoto uwe wazi kupumua.

Mwili uliozoea joto husahau upesi. Mtu akiondoka Pakwach akakaa mwezi mmoja Kabale, sehemu kubwa ya mazoea yake imekwisha, na akirudi kazini ataanza tena karibu na mwanzo. Mkuu wa kikosi apangapo zamu za waliotoka likizo ndefu angefaa kulihesabu hilo. Watoto waliozaliwa bondeni nao, wapelekwapo Desemba kumwamkia bibi yao Kabale, hukaa jikoni siku nzima wakitetemeka, na bibi hucheka akiuliza ni wajukuu gani hawa waogopao asubuhi ya kawaida. Siku ya tano au ya sita huwaona wakikimbia majanini bila viatu, na sweta alizowafumia zimetundikwa kwenye ua.