Betri Mpya, Ugonjwa wa Zamani: Kutafuta Kosa la Umeme katika Pikapu Kuukuu

Pikapu ya dizeli ya miaka ya 1980 au 1990, mfano Toyota Hilux yenye injini ya 2L au 3L, ina mfumo wa umeme usio na mambo mengi: betri ya volti 12, starta, alternata yenye regulata, fyuzi kadhaa, na nyaya za kuviunganisha. Sehemu ni chache, lakini karibu zote zikiugua hutoa dalili ileile. Asubuhi ufunguo unazungushwa, starta inagonga mara moja, kisha kimya. Kwa kuwa betri ndiyo inayoonekana kufa, ndiyo inayonunuliwa kwanza, na mara nyingi hiyo mpya nayo hulala baada ya wiki mbili. Mita ya bei nafuu, ikitumiwa kwa mpangilio, ingeonyesha mapema kwamba kosa liko kwingine.

Magari ya namna hii yangali mengi mashariki mwa Uganda. Marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018 yalizuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, ila hayakuyaondoa yale yaliyokwisha kusajiliwa. Pikapu zinazobeba samaki kutoka mwalo wa Masese pale Jinja huchuruzikiwa na maji ya barafu. Zile za Mbale hupanda kuelekea Bududa na Sironko kufuata kahawa, zikashuka na tope na vumbi jekundu katika kila kiungo. Mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika Mbale, kuna magari yaliyomezwa na maji. Gari kama hilo hukauka kwa siku chache, lakini mchanga laini uliobaki ndani ya viungo vya nyaya hutunza unyevu, na ukoga wa kijani huendelea kuila shaba kwa miezi.

Kanuni inayochaji betri iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikisogea karibu na koili, umeme huzaliwa ndani ya waya. Kwenye bwawa la Nalubaale mjini Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, maji ya Nile huzungusha jenereta kwa mwendo usiobadilika, maana umeme wa gridi lazima ubaki kwenye mizunguko 50 kwa sekunde. Alternata ya gari haina anasa hiyo. Huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini ambayo sasa hivi iko kwenye mizunguko 750 kwa dakika na punde imefika 3,500. Kwa hiyo ina daiodi zinazogeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja, na regulata inayopunguza au kuongeza nguvu ya sumaku ili volti zikae karibu na 14 kwa mwendo wowote. Mkondo wa sumaku hiyo hupita kwenye brashi mbili za kaboni zinazosugua pete za shaba. Brashi zikiisha, sumaku hufa, na alternata nzima inabaki kuwa puli inayozunguka bure.

Uchunguzi huanza kwenye betri, gari likiwa limelala kwa saa kadhaa. Kila chumba kati ya vyumba sita hutoa volti 2.1 hivi, kwa hiyo betri iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Iliyo nusu husoma karibu 12.2; na ikishuka chini ya 12 haina la maana la kutoa. Kipimo kinachochukuliwa mara tu baada ya safari hudanganya, kwani chaji ya juujuu hupandisha namba. Kuwasha taa kubwa kwa dakika mbili na kuzizima huiondoa. Betri ya vifuniko hupimwa vizuri zaidi kwa hidromita: asidi ya betri iliyojaa ina uzito wa mara 1.27 hivi ya maji, na chumba kimoja kikiachana sana na vingine vitano, betri hiyo haiponi hata ichajiwe usiku kucha. Betri iliyojazwa kwanza hupimwa pia starta ikizunguka. Volti zikianguka chini ya 9.6, ama betri imechoka ama starta inakula kupita kiasi.

Betri ikifaulu, zinafuata nyaya, na hapa ndipo pikapu kuukuu hujifichua kuliko mahali pengine popote. Starta ya dizeli huvuta ampea 200 au zaidi. Kwa kanuni ya Ohm, kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya ohm hupoteza volti 2 kwa mkondo huo, yaani karibu moja ya sita ya nguvu yote ya betri. Jicho halioni kitu hapo, na mita ya kawaida haiwezi kupima ukinzani mdogo kiasi hicho. Zaidi ya hayo, kebo iliyobakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba huonyesha volti 12.6 kamili maadamu hakuna mkondo mkubwa unaopita, na taa ya majaribio inayopendwa na mafundi wengi itawaka juu yake bila wasiwasi. Kebo hupimwa ikiwa kazini. Ncha moja ya mita huwekwa juu ya nguzo hasi ya betri yenyewe, si juu ya klampu. Nyingine hugusa chuma kitupu cha injini. Kisha mtu wa pili anazungusha ufunguo. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.3, njia ya kurudi imeziba. Upande chanya hupimwa vivyo hivyo, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye boliti ya starta, na huko nusu volti ndiyo mpaka.

Waya wa ardhi unaounganisha injini na bodi ndio unaosahaulika kuliko wote. Gari likishachomelewa na kupigwa rangi, waya hurudishwa juu ya rangi, nayo rangi haipitishi umeme. Mkondo hautulii; hutafuta njia nyingine, na dalili zake huonekana kama mazingaombwe: taa za nyuma hupepesa pamoja na indiketa, au kebo ya aksileta hupata moto wakati wa kuwasha, kwa sababu imegeuzwa kuwa njia ya kurudi betrini. Tiba ni msasa, boliti safi na grisi kidogo. Hakuna kipuri kitakachofanya kazi hiyo badala yake.

Baada ya hapo injini huwashwa na kupandishwa hadi mizunguko 1,500 au 2,000. Kwenye nguzo za betri zinatarajiwa volti kati ya 13.8 na 14.5, na zisishuke sana taa zikiwashwa. Chini ya 13 hakuna chaji. Juu ya 15 regulata imeshindwa, asidi itachemka na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Ikiwa boliti ya alternata inasoma 14.3 lakini betri inasoma 13.4, alternata haina hatia. Volti zimepotea kwenye waya au fyuzi iliyo kati yao. Mkanda uliolegea nao huiga ugonjwa wa alternata kikamilifu, hasa ukilowa. Bisibisi ikisogezwa karibu na beringi ya alternata, ufunguo ukiwa wazi, inapaswa kuvutwa. Isipovutwa, sumaku haina mkondo, na waya mdogo wa kuiamsha, fyuzi yake na brashi huchunguzwa kabla ya kufungua kitu kingine. Kuchomoa klampu ya betri injini ikiunguruma ili kuona kama gari litazima si kipimo: volti zinaweza kuruka ghafla kwa makumi na kuua daiodi zilizokuwa nzima.

Hilux hizi zina jambo linaloweza kumpita fundi aliyezoea petroli. Injini ya dizeli haizalishi vakyumu ya kutosha kwa busta ya breki, hivyo nyuma ya alternata pamefungwa pampu ya vakyumu inayolainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili huingia ndani, huchanganyika na unga wa brashi na kuwa tope jeusi, na chaji huanza kuja na kuondoka. Kubadilisha brashi na kuiacha sili ni kujiandalia kazi ileile tena. Alternata ya gari la petroli yaweza kufungwa mahali pake na ikachaji vizuri kabisa, ila pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe, na kwenye mteremko wa Mlima Elgon hilo si suala la umeme tena.

Daiodi huharibika kwa namna mbili. Ikikatika, chaji hupungua, redio huvuma kufuata mwendo wa injini, na mita ikiwekwa kwenye umeme wa kwenda na kurudi husoma zaidi ya nusu volti. Ikivuja, hurudisha umeme wa betri kinyumenyume usiku kucha. Alternata iliyo vuguvugu alfajiri, kabla gari halijawashwa, imejishtaki yenyewe.

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika ila hesabu. Taa kubwa mbili za wati 60 huvuta ampea 10, na spotilaiti mbili za wati 100 huongeza karibu 17. Kwenye barabara ya Tirinyi, kati ya Jinja na Mbale, alternata ya ampea 60 huzimudu. Injini ikiunguruma polepole sokoni, alternata hiyo hutoa sehemu tu ya uwezo wake, na betri ndiyo hulipa deni.

Betri inayojaa jioni na kuamka tupu bila alternata kuvuja hunyonywa na kitu kingine. Ufunguo ukiwa umetolewa na milango imefungwa, mita huunganishwa kama ampea kati ya nguzo hasi na klampu yake, bila kuthubutu kuzungusha starta wala kuwasha hita plagi, la sivyo fyuzi ya mita itakwenda. Gari la namna hii halipaswi kuvuta zaidi ya ampea 0.05. Balbu ya wati 5 iliyosahaulika huvuta 0.4, na humaliza betri ya ampea-saa 60 kwa siku sita hivi. Rilei ya hita plagi iliyoganda hufanya hivyo ndani ya saa chache. Fyuzi huchomolewa moja moja mpaka namba ianguke, na saketi ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mnyonyaji.

Kosa likishatengenezwa, betri tupu hujazwa kwa chaja kwanza. Kuiachia alternata kazi hiyo huilazimisha kutoa mkondo mkubwa kwa saa nyingi, na joto lake huchosha daiodi. Betri iliyokaa tupu kwa wiki kadhaa huota fuwele ngumu za salfati kwenye sahani za risasi, na hata ikisoma 12.6 baada ya kuchajiwa, hupimwa tena kwa starta kabla ya gari kurudishwa barabarani.