Bullet ya zamani na mtetemo usiokwisha

Mwenye Royal Enfield Bullet ya zamani hatoki nyumbani bila spana. Nati hulegea, balbu ya taa ya nyuma huungua kabla ya siku zake, na vidole hufa ganzi safari ikiwa ndefu na ya kasi. Hata hivyo, pikipiki hiyo iliyozaliwa Redditch, Uingereza, na kuhamia Madras, India, katika miaka ya 1950, ina wapenzi wasiokubali kuiacha.

Chanzo cha yote ni pistoni moja. Katika Bullet ya cc 350, pistoni hupanda milimita 90 na kushuka milimita 90. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pistoni husimama na kugeuza njia zaidi ya mara 130 kila sekunde, wala hakuna mwenzake wa kuvuta upande wa pili.

Wahandisi waliongeza uzito kwenye flaiwili, kinyume na pini ya konrodi. Ukiongezwa uzito wa kutosha kuzima mtikisiko wote wa juu na chini, uzito huohuo huanza kuitupa injini mbele na nyuma kwa nguvu ileile. Ndiyo maana viwanda vilizoea kusawazisha nusu ya uzito wa pistoni au zaidi kidogo, mtetemo uliobaki ukagawanywa pande zote. Kuumaliza hakukuwezekana.

Kwa hiyo fundi anayeijua kazi yake haanzii kwenye injini. Huanzia pale injini inapokutana na fremu, hasa kwenye kile kibamba kinachoshika kichwa cha silinda. Hukifuta mafuta, akatafuta vumbi jekundu la kutu kuzunguka tundu la bolti. Vumbi hilo ni ushahidi kwamba vyuma viwili vimekuwa vikisuguana, ingawa kwa mkono bolti inaonekana imebana. Karibu na hapo mara nyingi kuna ufa mwembamba kama unywele.

Kukaza tu hakutoshi. Kama kuna nafasi kati ya kibamba na fremu, ijazwe kwa washa kwanza, ndipo bolti ikazwe. Anayeiziba nafasi kwa nguvu za spana anakiacha chuma kikiwa kimevutwa muda wote, na chuma cha namna hiyo ndicho hupasuka njiani.

Kasi nayo ina hesabu yake. Mizunguko ya injini ikiongezeka maradufu, nguvu inayoitikisa huongezeka mara nne. Ndiyo sababu wengi hubadilisha sproketi ya mbele: kutoka meno 17 hadi 18, injini hupunguza mizunguko kwa karibu asilimia 6 pikipiki ikiwa kwenye mwendo uleule, na mtikisiko hushuka kwa takriban asilimia 11. Mlima utadai gia ya chini mapema zaidi, lakini kwa anayesafiri barabara tambarare ni fedha iliyotumika vizuri kuliko mishikio minene ya raba. Raba na vyuma vizito vya kwenye ncha za usukani husaidia mikono, kweli, ila havikazi hata nati moja.

Dawa ya kudumu ni shafti ya kusawazisha, inayozunguka kinyume na krenkshafti. Bullet ya zamani haikuwa nayo, wala Yamaha SR500 ya mwaka 1978. Royal Enfield iliiweka kwenye Meteor 350 mwaka 2020, ikafuata Classic 350 mwaka 2021, kisha Bullet yenyewe mwaka 2023. Wapo wanaosema roho ya Bullet imepotea. Hawatendi haki: injini mpya bado ina pistoni moja yenye mwendo mrefu, na mlio wake bado unahesabika.

Wanaobaki na za zamani wana jambo jingine la kuangalia, nalo ni simu. Mwaka 2021 Apple ilitahadharisha kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki inaweza kuharibu kamera za iPhone, kwa sababu lenzi zake hutulizwa na vifaa vidogo vinavyocheza ndani. Anayehitaji ramani aiweke simu kwenye mfuko wa koti, na akitaka kuitazama asimame pembeni mwa barabara.