Aliyeongeza matiti ahitaji uangalizi wa wiki kadhaa nyumbani

UPASUAJI wa kuongeza ukubwa wa matiti kwa kawaida huchukua saa moja hadi mbili, na mara nyingi mgonjwa huruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Kupona, hata hivyo, huchukua wiki sita hivi, na sehemu kubwa ya muda huo hakuna muuguzi karibu.

Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu. Kifua huvimba na kubana, hasa pale kipandikizi kinapowekwa chini ya msuli, na hata kuchana nywele huwa ni kazi. Mgonjwa hushauriwa kulala chali, mabega na kichwa vikiwa vimeinuliwa kwa mito, na kumeza dawa za maumivu kwa saa alizopangiwa badala ya kungoja maumivu yapande. Asimeze aspirini bila idhini ya daktari, kwani huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Aidha, anapaswa kutembea kidogo kidogo ndani ya nyumba, ili damu isigande miguuni.

Sidiria maalumu isiyo na waya huvaliwa usiku na mchana kwa muda atakaoelekeza daktari. Mwenye kazi ya ofisini huweza kurejea kazini baada ya wiki moja au mbili.

Kazi za nyumbani ni suala jingine. Kusonga ugali, kubeba ndoo ya maji, kufua kwa mikono, kupiga deki na kumbeba mtoto, zote hutumia misuli ya kifua, na hazifai kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu baadhi ya wanawake hufanyiwa upasuaji huu kwa siri, kisha hushindwa kuwaeleza mama mkwe au majirani kwa nini mtoto analia na hawamwinui. Siri ni haki ya mwenye mwili wake, lakini ni lazima awepo angalau mtu mzima mmoja nyumbani anayeujua ukweli, kwani huenda yeye ndiye atakayeita gari usiku.

Titi moja likivimba ghafla, likawa gumu na kuuma kuliko jingine, huenda damu inavuja ndani, na mara nyingi mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Hali hiyo hutokea zaidi katika siku ya kwanza. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaoenea na usaha kwenye mshono ni dalili za maambukizi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata, asisubiri mapambazuko. Damu iliyoganda ikifika kwenye mapafu huua.

Kwa wanaosafiri kwenda nchi za nje kama India au Uturuki, madaktari wa Uingereza hushauri kusubiri siku tano hadi saba kabla ya kupanda ndege. Muhimu zaidi ni kurudi na maelezo ya upasuaji kwa maandishi, kwa kuwa daktari wa Dar es Salaam au Nairobi hawezi kukisia alichofanya mwenzake.

Pamoja na maelezo hayo iwepo kadi ya kipandikizi, yenye jina la mtengenezaji na namba zake. Mwaka 2010 Ufaransa iliondoa sokoni vipandikizi vya kampuni ya PIP, iliyobainika kutumia silikoni ya viwandani, na mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa vipandikizi vyake vyenye uso wa kukwaruza, vilivyohusishwa na aina adimu ya saratani. Asiye na kadi hana njia rahisi ya kujua kama tangazo la namna hiyo linamhusu.

Vipandikizi havidumu maisha yote. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipendekeza mwaka 2020 kwamba mwenye vipandikizi vya silikoni, hata asipohisi lolote, apigwe picha za ndani ya titi miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwani silikoni huweza kupasuka bila maumivu.