Mazoezi ya Mwili na Uhaba wa Muda kwa Wazazi wa Mwambao wa Fizi

Wataalamu wa afya hutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchukuliwa kuwa jambo moja. Shughuli za mwili ni kila tendo linalotumia misuli na kuudai mwili nguvu zaidi ya zile unazotumia ukipumzika, liwe ni kulima, kutwanga, kuvuta wavu au kutembea kwenda sokoni. Mazoezi ni sehemu tu ya shughuli hizo, yaani zile zinazopangwa na kurudiwa kwa kusudi la kuujenga mwili. Tofauti hiyo ina uzito kwa mzazi anayefanya kazi Swima, Baraka au mahali pengine pa eneo la Fizi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Kongo, kwa sababu anaposema kwamba hana muda wa mazoezi, linalofaa kuchunguzwa kwanza ni kile ambacho mwili wake umekwisha kufanya tangu alfajiri, na baada ya hapo ndipo zitafutwe dakika zilizobaki.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Novemba 2020 unamtaka mtu mzima afikishe kwa wiki dakika 150 hadi 300 za shughuli za kadiri, au dakika 75 hadi 150 za shughuli kali, na kuongeza kazi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Shughuli ya kadiri ni ile inayoharakisha pumzi kiasi kwamba mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba; shughuli kali ni ile inayomruhusu kutamka maneno machache tu kabla ya kutweta. Mwongozo wa awali, wa mwaka 2010, ulihesabu vipindi vilivyofika dakika 10 mfululizo, lakini ule wa 2020 uliliondoa sharti hilo, na kuanzia hapo dakika 2 za kupanda mlima kwa haraka huhesabiwa pamoja na nyingine zote, ziwe zimepatikana kazini, njiani, nyumbani au mchezoni.

Kundi la kwanza la wazazi ni la wale ambao riziki yao hupatikana wakiwa wamekaa: mwalimu anayesahihisha daftari, karani, fundi cherehani, muuza duka, dereva wa pikipiki. Uchunguzi uliofungua somo hili ni wa Jeremy Morris na wenzake, uliochapishwa mwaka 1953, ambao uliwalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa ya London na makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi hayohayo kutwa nzima, ukaonyesha kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Baadaye Morris mwenyewe alipima sare za wafanyakazi hao akagundua kwamba madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, jambo lililoonyesha kuwa sehemu ya tofauti hiyo huenda ilitangulia kazi. Hata hivyo tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha kwamba kukaa kwa saa nyingi bila kujinyoosha kunaudhuru moyo.

Kwa kundi hili muda hupatikana kwa urahisi zaidi katika safari za lazima. Mwalimu anayetembea kwa hatua za haraka dakika 15 kwenda shuleni na dakika 15 kurudi, katika wiki ya masomo ya siku 6, hukusanya dakika 180, na kwa hiyo huvuka kiwango cha chini bila kutenga saa yoyote. Akichukua pikipiki kwa safari hiyohiyo, huokoa dakika chache kila siku na kuyapoteza mazoezi yake yote ya wiki. Hata vipindi vifupi mno vina thamani. Emmanuel Stamatakis na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2022 uliohusu Waingereza 25,241 waliosema kwamba hawafanyi mazoezi, waliona kwamba waliokuwa na vipindi 3 kwa siku vya kujitahidi sana kwa dakika 1 au 2, kama vile kukimbilia basi au kupanda ngazi kwa kasi, walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa takriban asilimia 38 hadi 40 wakilinganishwa na wasio navyo kabisa. Utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo yanayoandamana na hauthibitishi kwamba moja limelizaa jingine, lakini unalingana na yale yanayojulikana kuhusu moyo na mapafu.

Kundi la pili ni kubwa zaidi mwambaoni, na kwake ushauri wa kawaida hugeuka kuwa mzigo mwingine. Mama anayepanda vilima vya Mitumba kwenda kwenye shamba la muhogo, akarudi na kuni na kuteka maji kabla ya kupika, huenda amemaliza dakika za wiki nzima kabla ya Jumatano. Mwaka 1986 Maloiy na wenzake walipima matumizi ya nguvu ya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, wakakuta kwamba waliozoea kubeba kwa kichwa au kwa kamba ya kipaji waliweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada. Kipimo hicho kinaonyesha ustadi, na pia kinaonyesha mpaka wake: kwa mwanamke wa kilo 60 asilimia 20 ni kilo 12, ilhali bidoni la maji la lita 20 lina kilo 20 na zaidi.

Isitoshe, Andreas Holtermann na watafiti wenzake wa Denmark wamelieleza jambo wanaloliita kitendawili cha shughuli za mwili, yaani kwamba jasho la kazi nzito halileti manufaa yaleyale ya jasho la mapumziko. Sababu wanazozitaja ni kwamba kazi hiyo hudumu saa nyingi bila nafasi ya kutosha ya kupumua, huushikilia mwili katika mkao mmoja au chini ya mzigo, na hivyo kuuweka msukumo wa damu juu kwa muda mrefu, wakati mazoezi mazuri huupandisha kwa kitambo kisha yakauacha ushuke. Wapo wanaohoji maelezo haya wakisema kwamba umaskini unaoambatana na kazi nzito una mchango wake, lakini kwa vyovyote vile anayebeba kutwa anahitaji pumziko kabla ya kuongezewa kukimbia jioni. Mvuvi wa ndagala, anayefanya kazi katika usiku usio na mwezi ili taa zake ziwavute samaki, anahitaji kwanza usingizi wa mchana usiokatizwa, kwa maana misuli hujirekebisha zaidi mtu anapolala.

Hapa ndipo suala la mazoezi linapogeuka kuwa suala la ugawaji wa kazi nyumbani. Mwaka 1977 mwanauchumi Clair Vickery alionyesha kwamba kaya inaweza kuwa maskini wa muda kama inavyoweza kuwa maskini wa fedha, ikiwa saa zinazobaki baada ya kazi ya kipato hazitoshi kuendesha nyumba. Katika kaya ambamo baba ameketi dukani kutwa nzima na mama amebeba kutwa nzima, tiba ya wote wawili ni moja: baba au kijana wa kiume akiteka maji kwa bidoni la lita 10 mara mbili, yeye hupata shughuli aliyoikosa na mama hupata pumziko alilolikosa.

Kinachobaki ni uimarishaji wa misuli, ambao hauhitaji chombo wala uwanja. Kuchuchumaa na kusimama mara 10, kujisukuma kwa mikono ukutani au chini, na kupanda na kushuka kizingiti, vikirudiwa mara 3, huchukua takriban dakika 10, na vinaweza kufanywa ndani ya ua, jambo lenye maana mahali ambapo usalama hauruhusu kutoka kabla ya mapambazuko. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanapendekezewa wastani wa dakika 60 za shughuli kila siku, kwa hiyo mzazi anayeruka kamba au kucheza mpira nao hutumia saa moja kwa haja mbili. Mwenye maumivu ya kifua, msukumo mkubwa wa damu au ujauzito wenye matatizo apitie kwanza kituo cha afya, na anayetoka jasho anywe maji yaliyotibiwa, kwa kuwa kipindupindu ni maradhi ya kudumu mwambaoni.

Kwa hiyo kila kaya inaweza kuanza kwa kuandika yale ambayo kila mmoja wake hufanya kwa wiki moja, ikatenganisha saa za kukaa, za kutembea, za kubeba na za kulala. Orodha hiyo itaonyesha nani aongezewe mwendo na nani apunguziwe mzigo.